Kutoka Sonatubes hadi Gahanga: sauti ya watu wengi kwa mtu mmoja

Leo ni zamu yetu sisi wa kujitolea kuandika historia. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama bando ni ndogo soma nusu leo, nusu kesho.

Yote yalianza na video. Ndugu yetu mmoja aliyehamishiwa Marekani alitutumia video fupi kutoka kwenye uwanja wa besiboli. Anaonekana amevaa kofia, soda mkononi, na nyuma yake watu maelfu. Mara kipaza sauti kinataja jina la mchezaji, wimbo unapigwa, na watu wanasimama kwa ajili ya mtu mmoja anayetembea polepole na gongo begani. Hajapiga mpira hata mmoja. Anatembea tu. Ndugu yetu akasema, "Nyie, huyu jamaa wanampigia kelele kama vile amerudi kutoka vitani." Akatueleza kwamba kule kila mpigaji anachagua wimbo wake wa kuingilia uwanjani, na mashabiki wanaujua, wakiusikia tu wanajua nani anakuja. Baadaye tukasoma kwamba Japani wamezidi: kila mpigaji ana wimbo wake uliotungwa na mashabiki wenyewe, unaimbwa kwa tarumbeta na ngoma, na upande mmoja ukishangilia upande mwingine unanyamaza mpaka zamu yake ifike.

Tukacheka, halafu tukaanza kubishana. Mmoja wetu akasema huku kwetu watu wanashangilia timu, hawashangilii mtu. Mwingine akaruka juu: "Na Kidiaba je?" Kweli bwana. Nani kati yetu hakuruka kwa makalio akiwa mtoto? Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe ya Lubumbashi, timu yake ikifunga alikuwa anakaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe walipowafunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, dunia nzima ilimwona. Fainali walifungwa na Inter ya Italia 3-0, lakini hapa kambini watoto ambao hawajawahi kuiona Lubumbashi waliendelea kuruka vile mpaka kaptula zikatoboka.

Na wenyeji wetu Wanyarwanda nao wana mtu wao. Julai 2003, kwenye uwanja wa Amahoro, Jimmy Gatete aliifunga Ghana bao moja peke yake, na Rwanda ikaenda Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia kwa mara ya kwanza. Mpaka leo ukitaja Gatete mbele ya mtu mzima wa Kigali, ataacha alichokuwa anafanya akuhadithie.

Kwa hiyo mtu mmoja anashangiliwa, hilo halina ubishi. Swali letu likawa lingine: je, hapa Rwanda kuna mtu aliyewahi kusimama na gongo mkononi, kama yule wa kwenye video, na watu wakampigia kelele? Kumbe yupo. Na hadithi yake inapita kwenye njia panda ambayo wengi wetu tumeipita mara mia bila kujua chochote. Njia panda ya Sonatubes.

Njia panda yenyewe

Mwaka huu tulikuja Kigali kwa mafunzo ya siku chache ya watu wa kujitolea, tukalala karibu na Sonatubes. Kwa wasiopajua: ni mahali katika wilaya ya Kicukiro ambapo barabara zinakutana. Moja inapanda kwenda Gisimenti na Remera, kwenye uwanja wa Amahoro. Nyingine inateremka Rwandex kuelekea mjini. Nyingine inakwenda Kicukiro, inafika Nyanza, inafika Gahanga, halafu inateremka mpaka Bugesera. Jina limetokana na kiwanda cha mabomba kilichokuwa hapo. Asubuhi motari wamejaa, kofia ya abiria mkononi, kila mmoja anakuuliza unakwenda wapi kabla hujajua mwenyewe.

Motari mmoja mtu mzima tulimuuliza njia ya kwenda uwanja wa kriketi. Akatuonyesha kwa kidole upande wa Nyanza. Halafu akakaa kimya kidogo, akasema, "Hii njia ina mambo yake." Hakuendelea, akapata mteja akaondoka. Ilibidi tutafute wenyewe.

Mambo yenyewe ndo haya, na tunayaandika kwa heshima, ju sisi ni wageni katika nchi hii na maumivu haya si yetu kuyatumia.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia kwenye shule ya ufundi ya ETO Kicukiro, ya mapadri wa Don Bosco. Walikimbilia pale kwa sababu askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi ndani ya shule. Tarehe 11 Aprili askari wale waliamriwa kuondoka, wakaondoka. Wazungu walikuwa wameshatolewa. Watu waliobaki waliona wauaji wako nje ya uzio wanangoja. Basi wengi wao wakaamua kutoka kwa miguu kuelekea uwanja wa Amahoro, kwa sababu kule kulikuwa na askari wengine wa Umoja wa Mataifa na maelfu ya watu walikuwa wamejihifadhi ndani.

Walifika Sonatubes. Hapo wakazuiwa na wanajeshi. Wakakalishwa chini. Halafu wakageuzwa, wakatembezwa kurudi juu mpaka Nyanza ya Kicukiro, huku makundi ya watu yakiwa njiani, na huko wakauawa. Walionusurika ni wachache, waliokolewa na wanajeshi wa RPF. Leo Nyanza kuna makaburi na bustani ya kumbukumbu, na kila tarehe 11 Aprili watu wanakumbuka pale. Filamu ya Shooting Dogs ya 2005 inahusu shule hiyo na ilipigwa palepale shuleni.

Tuliposoma tulinyamaza. Sisi tunajua maana ya kukimbilia mahali penye bendera ya Umoja wa Mataifa. Kwenye mahema yetu kuna bendera hiyo. Kilichotugusa zaidi ni kwamba walikuwa wanataka kufika uwanjani. Kwao uwanja wa mpira ulikuwa mahali pa kupona, na ulikuwa upande wa pili wa njia panda tu.

Mchezo uliokuja na mizigo ya wakimbizi

Sasa kriketi inaingia wapi? Sikilizeni hili, maana ndo lilitufanya tuandike.

Kriketi haikuletwa Rwanda na wakoloni. Kriketi si mchezo wa Wabelgiji. Baada ya 1994, familia nyingi za Kinyarwanda zilizokuwa zimeishi ukimbizini miaka thelathini na zaidi zilirudi nyumbani. Vijana wao walikuwa wamezaliwa au kukulia Uganda, Kenya na Tanzania, na shuleni kule walikuwa wamejifunza kriketi. Walirudi na vyeti vyao, na Kiingereza na Kiswahili chao, na mchezo huo. Wanafunzi wa chuo kikuu ndo walioanza kuucheza, na mwaka 1999 chama cha kriketi cha Rwanda kikaanzishwa. Mwaka 2003 kikaingia katika shirika la kriketi la dunia, ICC.

Yaani mchezo huu ni wa watoto wa wakimbizi. Waliubeba kama sisi tunavyobeba sufuria na picha za arusi za wazazi. Kambini tunaambiwa kila siku tunachopokea: unga, maharage, shitingi, pesa za mwezi zinazopungua. Ni mara chache mtu anatuuliza tumekuja na nini.

Na walichezea wapi? Hapo ndo penyewe. Uwanja wao mkuu wa miaka yote ile ulikuwa kwenye ardhi ya ETO Kicukiro. Palepale. Ulikuwa uwanja mmoja, nyasi mbovu, shule nayo inauhitaji. Vijana walijua wanakimbia juu ya ardhi gani, wakacheza hivyohivyo. Mwaka 2014 wakaanzisha mashindano ya wanawake yanayoitwa Kwibuka, maana yake kukumbuka, na timu za nchi nyingine zinakuja kila msimu kucheza kwa heshima ya waliouawa.

Lakini mchezo ulihitaji nyumba yake. Mfuko ukaanzishwa wa kuchangisha pesa za kujenga uwanja Gahanga. Pesa zilikuja polepole. Ndo hapo alipotokea mtu wetu.

Saa hamsini na moja

Anaitwa Eric Dusingizimana. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya kriketi, na kazi yake ni injinia wa ujenzi. Mwaka 2016 aliamua kwamba atasimama na gongo na kupiga mipira bila kuacha mpaka avunje rekodi ya dunia, ili watu wajue kwamba Rwanda kuna kriketi na wachange. Rekodi ilikuwa ya Mhindi mmoja, Virag Mare, saa 50 na dakika chache, aliyoiweka Desemba 2015. Kanuni ilimruhusu kupumzika dakika 5 tu kwa kila saa.

Alisimama ndani ya Petit Stade, ule uwanja mdogo wa ndani ulio jirani na Amahoro, Remera. Kutoka Sonatubes unapanda tu barabara. Alianza Jumatano tarehe 11 Mei 2016, akamaliza Ijumaa tarehe 13. Saa 51.

Fikirieni saa 51. Ukianza kupiga mpira Jumatano asubuhi, watu wanakwenda kazini, wanarudi, wanakula, wanalala, wanaamka, wanakwenda tena kazini, wanarudi tena, wanalala tena, wewe bado umesimama. Na mpira wa kriketi si kama wa foronya. Ni mgumu kama jiwe, umeshonwa ngozi.

Warushaji walibadilishana. Wiki ile Kigali ilikuwa na mkutano mkubwa wa uchumi wa Afrika, wageni wamejaa, basi hata Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuja kumrushia mpira. Mke wa rais, Jeannette Kagame, naye alirusha. Miss Rwanda naye. Watu wa kawaida pia walikuja, wengi wao hawakuwahi kuona kriketi maishani mwao. Hawakujua kanuni. Walijua kitu kimoja tu: kuna kijana amesimama, na hatakiwi kuanguka.

Hapa tunataka tuseme jambo kuhusu kushangilia. Kwenye mpira wa miguu unashangilia kilichotokea. Bao likiingia, unapiga kelele. Pale Petit Stade hakukuwa na bao wala mpinzani, hakukuwa hata na timu ya pili. Mpira unarushwa, anapiga, mpira unarushwa, anapiga. Mtu akipiga makofi saa nane za usiku ndani ya ukumbi kwa ajili ya mtu aliyechoka, anamwambia tu, "Tupo. Hatujalala." Kwa sisi tuliowahi kukaa usiku na mgonjwa wodini au na mtu aliyefiwa kwenye hema, hilo tunalijua vizuri. Ni kukesha.

Mwaka uliofuata, Februari 2017, mchezaji wa kike Cathia Uwamahoro akasimama katika ukumbi uleule akapiga mipira kwa saa 26, rekodi ya wanawake. Na tarehe 28 Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga ukafunguliwa rasmi.

Sasa chukueni ramani. Amahoro iko upande mmoja, ETO, Nyanza na Gahanga upande mwingine, na Sonatubes katikati. Mwaka 1994 watu walitaka kwenda Amahoro wakageuzwa Sonatubes, wakapelekwa Nyanza. Mwaka 2016 mtu alisimama karibu na Amahoro siku tatu ili mchezo utoke ETO, upite Nyanza, ufike Gahanga. Ni barabara ileile moja. Hatusemi kwamba jambo la pili linafuta la kwanza. Hakuna mchezo unaofuta kaburi. Tunasema tu kwamba watu wa nchi hii hawakuiacha barabara ile ibaki na hadithi moja.

Siku tuliyokwenda Gahanga

Mafunzo yalipoisha tulibaki siku moja. Tukapanda basi pale Sonatubes. Nyanza tulipita kimya. Gahanga tukashuka, tukatembea.

Kwanza jengo lenyewe. Lina matao matatu, makubwa na madogo, kama njia ya mpira unaodundadunda chini. Limejengwa kwa vigae vya udongo wa hapahapa vilivyoshindiliwa, vyembamba, na linasimama. Mmoja wetu aliyefyatua matofali miezi yote ya kiangazi aliligusa ukutani akasema, "Kumbe udongo unaweza kufanya hivi."

Walikuwa wanacheza wanawake. Tulikaa kwenye nyasi pembeni. Mwanzoni hatukuelewa kitu. Basi tuwaeleze kwa ufupi: mpigaji anasimama mbele ya vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Mrushaji wa timu nyingine anataka kuviangusha. Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana upande, kila mkimbio ni pointi. Mpira ukitambaa mpaka kwenye kamba ya mpaka ni pointi 4, ukiruka juu ya kamba bila kugusa chini ni 6. Wiketi ikianguka, au mpira ukidakwa hewani, mpigaji anatoka.

Na kushangilia kwake kuna adabu zake. Mpigaji akiingia, anapigiwa makofi. Mpinzani akirusha mpira mzuri, naye anapigiwa, na watu wa upande wa pili! Tulishangaa. Mpigaji akifikisha pointi 50 peke yake, watu wanasimama, na yeye anainua gongo juu kuwashukuru. Akifikisha 100 ni zaidi. Na akitolewa akiwa amecheza vizuri, anapigiwa makofi akiwa anatembea kurudi. Hilo la mwisho lilitukaa moyoni. Kwenye mpira wetu mtu akishindwa tunamzomea mpaka anafika kwa mama yake.

Kulikuwa na mpigaji mmoja, binti mwembamba. Alikuwa amefika arobaini na kitu. Watu wakaanza kupunguza mazungumzo. Kila mpira, kimya. Sisi wenyewe tulikuwa tunamtaka apige, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Tuseme ukweli kwa nini. Tuliogopa lafudhi yetu. Tuliogopa mtu ageuke aseme, "Hawa ni wa wapi?" Mkimbizi anajifunza kuongea chini chini mjini, kwenye basi, dukani, kila mahali. Hujui nani ana shida gani na nchi uliyotoka wiki hiyo.

Mpira ukarushwa, binti akaupiga, ukatambaa mpaka kwenye kamba. Hamsini imepita. Watu wakasimama. Mmoja wetu, yule mkimya kuliko wote, akapiga kelele kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Ndio hivyo dada! Ndio hivyo!" Tukaganda. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu na mtoto mgongoni akageuka. Akatutazama. Akasema kwa Kiswahili, "Ongezeni bwana, mnaogopa nini?" Halafu akapiga vigelegele, vile wanavyoviita huku impundu. Tukaongeza. Binti akainua gongo. Alituinulia sisi pia, kwa sababu tulikuwa ndani ya ile sauti na hakuna aliyeweza kututenganisha.

Baada ya mipira michache akatolewa. Tukampigia makofi akirudi.

Sauti za watu na mama yetu mmoja

Turudi kambini sasa, kwa sababu historia isiyorudi nyumbani haina faida.

Kijiji chetu kilianza kriketi ya kujitungia. Fundi seremala alituchongea gongo kutoka kwenye ubao wa mlango uliovunjika. Wiketi ni bidoni ya njano. Mpira ni wa tenisi, wakati mwingine wa soksi. Binti mmoja wa miaka kumi na tano alikuwa anacheza na wavulana. Siku moja alikosa mipira mitatu mfululizo, wa nne ukaangusha bidoni, na bidoni ilikuwa na maji, ikammwagikia. Watu walicheka. Tusidanganye: sisi wa kujitolea, tuliokuwa tunasimamia mchezo, tulicheka pia. Mmoja wetu alimwiga. Binti aliweka gongo chini, akaondoka. Wiki tatu hakuonekana.

Tulipotoka Kigali tulikwenda kwao kuomba msamaha. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Tukamweleza kuhusu Gahanga, makofi, binti mwembamba, yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Huyu ni mama ambaye kambi nzima inamjua kwa jambo moja: kukiwa na mechi na kelele zikipanda, yeye anatoka mlangoni, anahesabu watoto wake na wa jirani, anawaingiza ndani. Vijana wanamcheka kwa hilo. Yeye alitoka Masisi akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na mmoja ambaye hatumtaji.

Akatuambia, "Wanangu, kelele za watu nazijua. Zinaanza na kicheko."

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yake kimya.

Tangu siku ile tumelifikiria sana neno lake, na tumeona kwamba ni historia kuliko zote tulizosoma. Umati ule uliokuwa njiani kutoka Sonatubes kwenda Nyanza ulikuwa na sauti. Walionusurika wa mauaji yale wanakumbuka filimbi na kelele. Na watu wale waliopiga kelele labda walijua pia kushangilia mpira Jumapili. Koo ni lileile. Kwa hiyo kushangilia si kitu kidogo cha kujifurahisha tu. Ni mafunzo. Unafundisha koo lako na miguu yako nini cha kufanya ukiwa katikati ya watu wengi na mbele yenu kuna mtu mmoja. Unaweza kujifunza kumsimamisha na unaweza kujifunza kumwangusha.

Ndo maana tunaona hata kimya kinaweza kuwa kushangilia. Mlimwona yule shabiki wa Kongo kwenye Kombe la Afrika la Morocco, aliyesimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, kama sanamu ya Lumumba? Hakupiga kelele hata moja, na timu nzima ilijua yupo. Na hapa Rwanda kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, wiki ya maombolezo, muziki wa sherehe na michezo husimama. Halafu baadaye michezo inarudi. Watu wanajua wakati wa sauti na wakati wa kunyamaza.

Na tusisahau wanaokuja bila kushangiliwa na mtu. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakanyimwa viza kwa sababu ya karatasi za kuzaliwa. Sisi tunajua karatasi. Watoto wa Kanada waliokuwa wacheze nao wakaamua kusafiri wao mpaka Uganda, Januari 2012, wakacheza. Mwaka huohuo 2012 watoto wa Lugazi wakapata viza, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kule Williamsport, na walishinda mechi moja dhidi ya watoto wa Oregon, 3-2. Na mwaka 2023, mabinti wa Rwanda chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia la kwanza la umri wao kule Afrika Kusini. Walipocheza na Zimbabwe, Henriette Ishimwe aliangusha wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Baadaye wakaifunga hata West Indies, visiwa ambako kriketi ni kama ugali. Mabinti hao wote walianza mahali fulani, kwenye uwanja fulani mbovu, mbele ya watu waliocheka au hawakucheka.

Jumamosi

Basi wapendwa, tunamalizia na tangazo.

Jumamosi hii saa tisa alasiri, nyuma ya bomba la maji, kuna mchezo. Binti amekubali kurudi. Ametoa sharti moja: bidoni isiwe na maji. Tumekubali. Sisi tumeongeza masharti yetu kwa mashabiki, na tumeyaandika kwenye karatasi na kubandika. La kwanza: kila anayeingia kupiga anapigiwa makofi, awe nani. La pili: anayetolewa anapigiwa makofi mpaka afike kwenye kivuli. La tatu: hakuna kuiga mtu. Sisi wa kujitolea tumeanza kwa kuliweka la tatu juu yetu wenyewe mbele ya watu.

Mama yake tulimwalika. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema Jumamosi ni siku yake ya kuteka maji.

Bomba liko palepale. Kwa hiyo mkija, tunawaomba: sauti zenu zianze polepole.